Kihisi cha sukari: kwa nini mshale husomwa kabla ya namba

Mvuvi akifika ufukweni haulizi tu maji yako wapi. Anauliza yanajaa au yanapwa. Maji ya magotini wakati wa kujaa na maji ya magotini wakati wa kupwa ni habari mbili tofauti, na asiyezitofautisha atajikuta ameketi na ngalawa yake juu ya mchanga.

Sukari ya damu nayo ni hivyo hivyo. Chukua watu wawili wenye kisukari, wote wanatumia insulini, wote wamepima sasa hivi na wote wamepata 6.2. Hizo ni milimoli kwa lita. Anayetumia miligramu kwa desilita azidishe mara 18, atapata kama 112. Namba hiyo haina kasoro. Sukari ya mtu wa kwanza imetulia hapo tangu saa moja iliyopita, kwa hiyo anaweza kuwasha gari akaenda zake. Sukari ya mtu wa pili inaporomoka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika. Nusu saa ijayo atakuwa karibu na 3, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, akili imeanza kuwa nzito. Akiwasha gari sasa, hayo yote yatamkuta barabarani.

Kutoboa kidole kunawapa wote wawili jibu moja. Kihisi kinachopima mfululizo nacho kinawapa 6.2, ila pembeni mwa namba kinachora mshale. Wa kwanza mshale wake umelala, wa pili umeelekea chini. Nimeanza na mshale kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaovaa kihisi kwa mara ya kwanza wanakifanya glukomita (kile kifaa cha kupimia tone la damu ya kidole) isiyochoma: wanatazama namba, wanafurahi au wanahamaki, wanairudisha simu mfukoni. Walichokiacha bila kukisoma ndicho kilichokifanya kifaa hiki kibuniwe.

Uzi chini ya ngozi

Kidude chenyewe ni kidogo, baadhi ni kama sarafu, na hubandikwa nyuma ya mkono sehemu ya juu au tumboni. Kikimaliza siku zake, ambazo ni 10 hadi 15 kwa aina nyingi, ukakibandua na kukigeuza, utaona upande wa chini uzi mwembamba unaopindika, urefu wake milimita chache tu. Sindano iliyouingiza ilitoka sekunde ile ile ya kubandika. Nalisema hili kwa sababu swali la kwanza la kila mtu ni, "Sasa unalalaje na sindano mwilini?" Hakuna sindano, ni uzi tu.

Uzi huo haufiki kwenye mshipa wa damu. Unakaa ndani ya majimaji yanayozunguka seli chini ya ngozi. Sukari hutoka kwenye mishipa midogo kabisa ya damu, ikapenya ikaingia kwenye majimaji hayo, ndipo seli zikaichukua. Kwa hiyo kihisi hakipimi sukari ya damu. Kinapima sukari ya jirani wa damu, kisha kinakisia ya damu. Nitarudi hapa, maana nusu ya ugomvi wa watu na vihisi vyao unaanzia kwenye jambo hili.

Kupima kwenyewe ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, kilichopakwa kwenye ncha ya uzi. Kimeng'enya hiki hakishughuliki na kitu kingine ila glukosi. Kikiikamata, kinaibadilisha, na katika kubadilisha huko kinatumia oksijeni na kutoa haidrojeni peroksaidi. Elektrodi iliyo chini yake inaivunja peroksaidi hiyo na kupata elektroni, yaani umeme. Glukosi ikiwa nyingi, umeme unakuwa mwingi, ikipungua, unapungua. Umeme wenyewe ni mdogo ajabu, unahesabiwa kwa nanoampea, sehemu za bilioni za ampea. Kisambazaji kilicho juu ya ngozi kinausoma, kinaugeuza kuwa namba na kuituma kwenye simu. Vifaa vingi hufanya hivyo kila dakika 5, yaani mara 288 kwa siku.

Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilitoka kwa mwanasayansi Leland Clark. Mwaka 1962, akishirikiana na Champ Lyons, alieleza jinsi ya kupima glukosi kwa kuangalia oksijeni inayotumiwa na kimeng'enya hicho. Tatizo ni kwamba chini ya ngozi oksijeni ni haba ukilinganisha na glukosi, na kimeng'enya kikikosa oksijeni kinasimama hata kama glukosi imejaa tele. Watengenezaji wakatafuta njia mbili. Wengine waliweka utando juu ya uzi, unaopitisha glukosi kwa kuibania na kuiachia oksijeni njia. Mkemia Adam Heller naye akaja na ufundi mwingine: aliunganisha kimeng'enya na elektrodi kwa plastiki yenye madini ya osmiamu, elektroni zikapita moja kwa moja bila kuhitaji oksijeni. Kazi yake ndiyo msingi wa kihisi kiitwacho FreeStyle Libre, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014.

Iko aina moja isiyotumia kimeng'enya kabisa. Eversense ni kipande kidogo ambacho daktari hukiweka chini ya ngozi kwa mpasuo mdogo, na hupima kwa mwanga: kemikali iliyomo hung'aa kulingana na glukosi iliyopo. Toleo lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024 hukaa mwaka mzima.

Dakika kumi zinazogombanisha watu

Turudi kwa jirani wa damu. Sukari ya damu ikibadilika, inachukua muda kabla majimaji ya chini ya ngozi hayajafuata, na programu nayo inachukua muda kidogo kulainisha namba. Jumla yake kwa kawaida ni kama dakika 5 hadi 10, mara nyingine zaidi. Sukari ikiwa imetulia huoni tofauti yoyote. Ikiwa inakimbia, tofauti inakuwa kubwa. Chukua yule wa mshale wa chini, ambaye mwanzoni sikumhesabia kuchelewa huku: kama anashuka kwa 0.1 kila dakika na kihisi kimechelewa dakika 10, basi wakati simu inasema 6.2, damu yake iko karibu na 5.2. Akitoboa kidole, glukomita itasema 5.2 na yeye atasema kihisi ni kibovu. Hakuna kibovu hapo. Vifaa viwili vimeulizwa mambo mawili kwa nyakati mbili.

Kuchelewa huku kunauma zaidi pale sukari ikiwa tayari imeshuka. Nieleze kwa dakika, maana ndipo wengi wanapoteleza, nami nimeteleza zaidi ya mara moja.

Simu inalia: 3.4, mshale chini. Unakula gramu 15 za sukari inayoingia haraka, kama wanavyofundisha, na kungoja dakika 15. Dakika ya 10 unatazama simu: 3.1. Moyo unadunda. Dakika ya 15: 3.2. Unajiambia sukari haijafanya kazi, unakula tena, na kwa kuwa hofu imekushika hukuli gramu 15, unakula chochote mkono unachokigusa. Kumbe dakika ile ya 15 damu ilikuwa imeshafika 4.5. Kihisi kilikuwa bado kinasimulia yaliyotokea kabla. Baada ya saa moja na nusu unatazama simu ile ile, inasema 14, na unaanza kuilaumu.

Dawa yake ni moja: ukishatibu sukari iliyoshuka, kwa zile dakika 15 hadi 20 za mwanzo amini kidole kuliko kihisi. Kama huna glukomita karibu, tazama mshale badala ya namba. Namba inaweza kuwa bado 3.2, lakini kama mshale uliokuwa umeelekea chini sasa umelala, maji yameanza kujaa.

Tukiwa kwenye vidole: nawa mikono kwanza. Mabaki ya sukari kwenye ncha ya kidole yanatosha kuifanya glukomita iseme uongo wa ajabu, na mtu akaenda kujichoma insulini ya sukari isiyokuwepo.

Mkono uliolaliwa

Usiku mmoja, saa nane hivi, simu yangu ililia kwa mlio ule usiozimika hata ukiiweka kimya. 2.9. Niliamka nikiwa mzima kabisa, sitoki jasho, sitetemeki. Nikawasha taa, nikatoboa kidole: 6.4. Nilikuwa nimelalia ule mkono wenye kihisi.

Uzito wa mwili ukikandamiza mahali kihisi kilipo, damu na majimaji hayazunguki vizuri hapo, glukosi inayofika kwenye uzi inapungua, na namba inaanguka ghafla. Ukigeuka ubavu, baada ya dakika kumi au zaidi kidogo, inarudi ilipokuwa. Kwenye grafu utaitambua kwa umbo lake: kuta mbili zilizosimama wima na shimo katikati. Sukari inayoshuka kweli hushuka kwa mteremko, na haipandi yenyewe kwa ghafla namna ile. Ukiona shimo la namna hiyo kila usiku, hamisha kihisi kijacho mahali usipolalia kabla ya kwenda kupunguza insulini ya usiku. Nimemsikia mtu aliyepunguziwa dozi kwa ajili ya mashimo ya namna hii, akaamka asubuhi zote akiwa na sukari ya juu, na kilichokuwa kikihitaji marekebisho ni mto wake.

Kosa la asilimia ngapi

Ubora wa vihisi hupimwa kwa kuvilinganisha na maabara. Unachukua tofauti kati ya kihisi na maabara kwa kila kipimo, unaigeuza asilimia, unatafuta wastani. Vihisi vizuri vya sasa viko kwenye asilimia 8 au 9. Vya miaka ya mwanzo ya 2000 vilikuwa karibu na 20, na ndiyo maana wakati ule hakuna aliyeruhusiwa kujichoma insulini kwa kutegemea kihisi peke yake. Mwaka 2016 mamlaka za Marekani ziliruhusu hilo kwa kihisi cha Dexcom G5, na mwaka 2018 ikaja G6 ambayo haihitaji hata kurekebishwa kwa kutoboa kidole.

Asilimia 9 ni wastani, na wastani unaficha mambo. Siku ya kwanza namba huyumba zaidi, kwa sababu ngozi imejeruhiwa kidogo na mwili unajishughulisha na kidonda. Namba za chini sana na za juu sana huyumba kuliko za katikati. Na kabla hujakidharau kihisi chako kwa kosa hilo, ujue kwamba glukomita nayo inaruhusiwa kukosea: kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya majibu yake yawe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara pale sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Kwa hiyo kihisi kikisema 8.1 na glukomita 9.0, hakuna aliyeshinda. Wamekubaliana.

Zipo dawa zinazokivuruga kihisi. Parasetamoli ilikuwa maarufu kwa hilo: elektrodi zinazovunja peroksaidi ziliivunja nayo pia, zikaihesabu kama glukosi. Matoleo mapya mengi yamewekewa utando wa kuizuia kwa dozi za kawaida. Vitamini C ya vidonge inaweza kupandisha namba za baadhi ya matoleo ya Libre ikizidi miligramu 500 kwa siku. Halafu ipo haidroksiyurea.

Hii nataka kukaa nayo kidogo. Haidroksiyurea ni dawa wanayotumia wagonjwa wengi wa selimundu, na kwa vihisi kadhaa, vikiwemo vya Dexcom, hupandisha namba kuliko ukweli. Sasa angalia fundo lenyewe. Kipimo cha HbA1c, kile cha kila miezi mitatu kinachoonyesha wastani wa sukari, hutegemea chembe nyekundu za damu kuishi muda wake wa kawaida. Kwa mgonjwa wa selimundu chembe hizo hufa mapema, hivyo HbA1c yake huonekana nzuri kuliko hali halisi. Mtu kama huyu akipata kisukari, ndiye anayehitaji kihisi kuliko wengine, kwa kuwa HbA1c haimfai. Na ndiye ambaye dawa yake inaweza kukipotosha kihisi hicho. Amwambie daktari anatumia dawa gani kabla ya kuchagua kifaa, na asiitupe glukomita. Kosa la upande huu ni baya kuliko la upande mwingine: namba iliyopanda bila sababu inamwalika mtu ajichome insulini asiyoihitaji.

Saa 17 kwa siku

Kwa miaka mingi HbA1c ndiyo iliyokuwa hakimu. HbA1c ya asilimia 7 ina maana wastani wa sukari ni kama 8.6. Lakini mtu anayekaa kati ya 6 na 11 siku nzima anaweza kupata 7, na anayerushwa kati ya 3 na 16 anaweza kupata hiyo hiyo 7. Wa pili anazimia usiku na kwenye karatasi anapongezwa.

Tangu mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa wamekubaliana kipimo kingine, muda ndani ya mipaka: ni sehemu gani ya siku sukari yako ilikuwa kati ya 3.9 na 10.0. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni zaidi ya asilimia 70. Chini ya 3.9 isizidi asilimia 4, na chini ya 3.0 isizidi asilimia 1. Asilimia hazimwambii mtu kitu, kwa hiyo zigeuze saa. Sabini ni karibu saa 17 kwa siku. Nne ni kama saa moja. Moja ni robo saa. Na ukiongeza asilimia 5 tu kwenye muda wako mzuri, umepata saa moja na dakika 12 kila siku, kiasi ambacho madaktari wanakihesabu kuwa na maana kwa afya.

Kinachonifurahisha kwenye lengo hili ni zile saa 7 zinazobaki. Hazina adhabu. Watu huvaa kihisi wakidhani kazi yao ni kuunyoosha mstari uwe kama rula, na wiki ya pili wamechoka na nafsi zao. Hakuna anayewadai hivyo. Wazee na wale ambao kushuka kwa sukari ni hatari kwao wanadaiwa kidogo kuliko wengine: nusu ya siku ndani ya mipaka inatosha, mradi wasikae chini ya 3.9 kwa zaidi ya asilimia 1. Mjamzito mwenye kisukari aina ya 1, ile ambayo mwili hautengenezi insulini yake, naye hubanwa zaidi, kati ya 3.5 na 7.8.

Hofu ya kushuka ina historia. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani, uitwao DCCT, ulionyesha kwamba kuibana sukari kunalinda macho, figo na mishipa ya fahamu ya wenye kisukari aina ya 1. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa waliobana walipata mishuko mikali ya sukari kama mara tatu ya wenzao. Madaktari walibaki na sentensi yenye "lakini" katikati. Kihisi ndicho kilichoanza kuipunguza "lakini" hiyo: katika jaribio moja la Ulaya lililochapishwa mwaka 2016, watu wenye aina ya 1 waliokuwa tayari na HbA1c nzuri walipunguza muda wa sukari kuwa chini kwa asilimia 38 baada ya kuvaa Libre, bila HbA1c yao kuharibika.

Ripoti ya siku 14 ndiyo mahali pa kufanyia kazi. Programu huzipanga siku zote 14 juu ya siku moja ya saa 24. Katikati unapita mstari. Kuuzunguka kuna ukanda mzito unaobeba nusu ya siku zako, na nje yake ukanda mwepesi wa siku zilizopotoka. Watu hukimbilia kuangalia mstari uko juu au chini. Mimi ningeanza na upana wa ukanda. Ukiona kilima saa ile ile na ukanda ukiwa mwembamba, hilo ni jambo linalojirudia kila siku, na kinachojirudia kinatibika kwa kubadilisha dozi au muda wa kuichoma. Kilima cha alfajiri kabla hujala chochote, kwa mfano, mara nyingi ni homoni za mwili zinazoamka kabla yako. Ukanda ukiwa mpana, ukubwa wa dozi siyo tatizo la kwanza. Siku moja hivi, siku nyingine vile: muda wa kula unahama, dozi zinasahaulika, mahali pa kuchomea pamekuwa pagumu. Ukiongeza insulini hapo, utazizamisha zile siku zilizokuwa chini tayari.

Anayetazama sana

Kifaa kinachosema kila dakika 5 kinamfanya mtu atake kutenda kila dakika 5. Insulini ya haraka haiendi kwa mwendo huo. Inachukua saa moja au mbili kufikia kilele, na hubaki mwilini kama saa nne. Mtu anaona 13 saa moja baada ya kula, anajichoma. Nusu saa baadaye bado 13, anajichoma tena. Insulini ya chakula haijamaliza kazi, ya kwanza ya kurekebisha iko njiani, ya pili imeongezwa juu yake. Saa tatu baadaye zote zinakutana, na simu inalia kwa upande mwingine. Kabla ya kujichoma kwa ajili ya namba, uliza umejichoma lini mara ya mwisho na mshale unaelekea wapi. Sukari ya 13 yenye mshale unaoshuka inajirekebisha yenyewe.

Kengele nazo zina hesabu yake. Kwa baadhi ya vifaa, ile ya kushuka sana haizimwi. Nyingine ni hiari yako, na ushauri wangu ni kuanza na chache. Ukiweka kengele ya juu kwenye 10 siku ya kwanza, itakuwa inalia kila baada ya mlo, na baada ya wiki utakuwa umejifunza kutoisikia. Iweke 14 au 15, uishushe taratibu. Wapo na ambao tatizo lao ni kinyume: Dana Lewis wa Marekani alikuwa halali vizuri kwa kuogopa kwamba kengele ya kihisi chake haina sauti ya kumwamsha, akaanza kutengeneza ya kwake yenye sauti zaidi. Kazi hiyo ilikua hadi ikawa mfumo wa wazi wa kuendesha pampu ya insulini, uliotolewa kwa umma mwaka 2015.

Nani anahitaji? Mwenye aina ya 1, bila mjadala. Mwenye aina ya 2 anayetumia insulini, naye faida yake iko wazi. Anayetumia vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, hasa kama hushuka bila kuhisi dalili, afikiriwe. Mwenye aina ya 2 asiyetumia dawa za kushusha namna hiyo anaweza kupata mengi kwa kuvaa wiki mbili, akajifunza mlo upi unamfanyia nini, kisha akakiweka kando hadi mambo yabadilike. Asiye na kisukari kabisa? Sukari ya kila mtu hupanda baada ya kula na hiyo ni kazi ya kawaida ya mwili. Sioni faida ya kumfanya mtu mwenye afya aogope chakula chake.

Na saa za mkononi na pete zinazodai kupima sukari bila kupenya ngozi: Februari 2024 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha hata moja. Saa inayoonyesha namba zilizotoka kwenye kihisi kilichobandikwa mwilini ni jambo jingine. Hiyo ni kioo tu. Inayodai kupima yenyewe kwa mwanga kupitia ngozi nzima inakisia, na anayejichoma insulini kwa kukisia anacheza na uhai wake.

Kihisi kisipozungumza na mtu, siku hizi kinazungumza na pampu. Tangu mwaka 2016, mfumo wa kwanza wa namna hiyo ulipoidhinishwa Marekani, pampu inasoma kihisi na kuongeza au kupunguza yenyewe insulini ya msingi, ile inayoingia polepole siku nzima. Mvaaji bado anaiambia anapokula. Usiku ndipo mfumo huu unapong'aa, kwa kuwa haulali. Lakini pampu haina macho mengine zaidi ya uzi ule. Ukilalia mkono, inaona shimo lile lile lenye kuta mbili, inaliamini, inafunga insulini, na asubuhi unaamka na 12. Namba na mwili vikipishana, kwa mfano simu inasema 5 nawe unatetemeka, au inasema 7 na mdomo umekauka na unatapika, unatoboa kidole, na kwa hali hiyo ya pili unapima na ketoni, asidi ambazo mwili hutoa ukikosa insulini na ambazo kihisi cha sukari hakizioni. Kwa hiyo fungua mkoba wa mtu aliyevaa pampu na kihisi cha kisasa kabisa: chini, karibu na betri ya akiba na sukari ya dharura, utakuta glukomita na kichupa cha vijiti vyake.